Alama 10 kwa kila cheti

Jumatatu asubuhi, kabla sijamaliza chai, tangazo la kazi liliingia kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa TEHAMA, nami nikalitambua kama mtu anavyomtambua mdeni wake kwa mbali. Ni nafasi ile ile ambayo mwaka jana nilialikwa, kama mtu wa nje, kukaa kwenye jopo la usaili wake: afisa usalama wa mifumo, ngazi ya kuanzia, uzoefu wa mwaka 1 hadi 2. Mwaka jana kampuni hiyo, ambayo sitaitaja, ilitaka vyeti vitatu. Safari hii inataka vinne, na kilichoongezwa ni CISSP, cheti cha wataalamu wazoefu wa usalama wa mifumo.

Hili la CISSP nitajitahidi kulisema kwa utulivu. Shirika la ISC2, ambalo ndilo linalokitoa, halimpi mtu cheti hicho mpaka awe amefanya kazi ya kulipwa kwa miaka 5 katika angalau nyanja 2 kati ya 8 zinazotahiniwa, na shahada ya chuo hupunguza mwaka 1 tu. Anayefaulu mtihani kabla ya kufikisha uzoefu huo huandikishwa kama mshirika, kisha hupewa miaka 6 ya kuutafuta. Kwa hiyo mwajiri anayedai CISSP kwa mtu wa mwaka 1 kazini anamtafuta mtu ambaye kwa kanuni za cheti chenyewe hayupo. Akijitokeza, basi amedanganya mahali fulani, na huyo ndiye tunayetaka kumkabidhi funguo za seva.

Nirudi kwenye usaili wa mwaka jana, kwa sababu ndio unaoniuma. Afisa utumishi alitugawia fomu ya alama iliyokuwa imekwisha kuidhinishwa: shahada alama 20, kila cheti alama 10, kujieleza alama 20, na chini kabisa, mahali ambapo macho hufika yakiwa yamechoka, kazi kwa vitendo alama 5. Mimi nilikuwa nimekuja na ukurasa mmoja niliouchapisha kutoka kwenye seva ya Windows ninayoichezea nyumbani. Ulikuwa na mistari arobaini na kitu yenye namba 4625, yaani majaribio ya kuingia yaliyoshindikana, yote kutoka anwani moja kuanzia saa 8 usiku, kila mstari ukiwa na jina la mtumiaji tofauti. Na karibu na mwisho kulikuwa na mstari mmoja tu wenye namba 4624. Swali langu lilikuwa moja: hapa kumetokea nini?

Kijana mwenye vyeti vinne aliutazama ukurasa huo kwa heshima kubwa, akauweka mezani, kisha akaanza kutueleza nguzo tatu za usalama wa taarifa, yaani usiri, uadilifu na upatikanaji, kwa ufasaha ambao ungempendeza mwalimu yeyote. Hakurudi tena kwenye ukurasa. Baadaye, tukiwa nje, alinikiri bila haya kwamba mitihani miwili kati ya ile minne aliifanya kwa kukariri maswali yaliyovuja, ambayo vijana huyapata kwenye makundi ya Telegram na kuyaita dampu. Jina limekaa mahali pake, maana Mswahili akisikia dampo anajua ni kitu gani hutupwa huko.

Baada yake aliingia binti mwenye stashahada na miaka 2 ya kuhudumia kompyuta za matawi ya saccos moja ya mkoani. Cheti hakuwa nacho hata kimoja. Alishuka na kidole mstari kwa mstari, midomo ikicheza, mpaka kidole kikasimama kwenye ule mstari wa 4624, yaani kuingia kulikofanikiwa, wenye jina la mhasibu. "Huyu ameingia," alisema. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Samahani mzee, huyu mhasibu huwa ana zamu ya usiku?" Nilipomwambia hana, alieleza mwenyewe kwamba mvamizi alijaribu kila jina mara moja tu ili akaunti zisijifunge, akitumaini kwamba katika watu wote hao hakosekani mmoja mwenye nenosiri la kubahatisha. Nilimpa 5 kati ya 5. Nilipojumlisha fomu yake alikuwa ameachwa nyuma kwa alama zaidi ya 30.

Wapo watakaosema nauchukia mfumo wa vyeti. Haya, nakubali kwamba mimi mwenyewe ninacho kimoja, na maandalizi yake yalinilazimisha kusoma mambo ya usimbaji fiche ambayo nilikuwa nimeyakwepa kwa miaka. Nakubali pia kwamba vyeti havilingani: mtihani wa OSCP humfungia mtu saa 23 na dakika 45 akivamia mashine za majaribio, kisha humpa saa 24 za kuandika ripoti, na huo huwezi kuupita kwa kukariri herufi A, B na C.

Ila tuulizane ni nani anayelipa. Mtihani wa CISSP pekee ni dola 749 za Marekani, fedha inayokaribia shilingi milioni 2, kabla hujanunua kitabu wala bando, na ukishakipata unaendelea kulipa ada kila mwaka na kuonyesha saa 120 za kujiendeleza kila baada ya miaka 3. Kijana hukopa kwa shangazi yake ili afanye mtihani ambao mwajiri ndiye atakayefaidika nao, halafu mwajiri huyo huyo hana fungu hata moja la mafunzo kwenye bajeti yake, kwa sababu ameshagundua kwamba gharama hiyo inaweza kuhamishiwa kwenye ukoo wa mwombaji. Tangu tupate Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, jukumu la kulinda taarifa za wateja ni la kampuni, si la shangazi.

Chukueni watu wawili wenye macho kama ya yule binti, muwakalishe mwaka mzima pembeni ya mtu mzoefu wakisoma kumbukumbu za mifumo yenu wenyewe, kisha muwalipie mtihani na muwafunge kwa mkataba wa miaka 2 kama mnaogopa watahama. Mafundi magari wanalea wanafunzi gereji kila siku na hakuna anayeshangaa.

Jana mchana afisa utumishi alinipigia simu, akaniomba nikae tena kwenye jopo. Yule kijana, aliniambia, aliondoka baada ya miezi 7 kwenda kwingine kwa mshahara mnono zaidi. Nimemjibu kwamba nitakuja kwa sharti kwamba ukurasa wangu upewe alama 40. Amesema fomu imeshapitishwa, lakini ataulizia.