Blackmail ya 1929: sauti inapofaa, na inapokwamisha

Watu huisifu Blackmail ya mwongozaji Alfred Hitchcock kwa kuwa miongoni mwa filamu za kwanza za Uingereza zenye maneno. Kwa maoni yangu sifa hiyo inaipunja. Ilianza kupigwa studio za Elstree ikiwa bubu, yaani bila sauti, kisha sehemu zikarudiwa kwa sauti, na ubora wake unaonekana pale Hitchcock alipokataa kuiachia sauti itawale.

Tazama mwanzo: askari wanamkamata mhalifu chumbani mwake, dakika kadhaa za muziki bila mazungumzo, na kamera inatembea itakavyo. Wakishaanza kuongea, kasi inashuka. Kamera za enzi hizo zilikuwa na kelele, hivyo zilifungiwa kwenye kibanda kisichopitisha sauti, na waigizaji hawakuweza kwenda mbali na maikrofoni.

Kisha kulikuwa na Anny Ondra, mwenye lafudhi ya Kicheki, anayeigiza Alice, binti wa muuza duka wa London. Kumwekea sauti nyingine baadaye hakukuwezekana, kwa hiyo mwigizaji Mwingereza Joan Barry alisimama nje ya picha akisema maneno kwenye maikrofoni huku Ondra akichezesha midomo. Angalia jinsi Ondra anavyosita kidogo kabla ya kila sentensi: anamsubiri mwenzake. Wanaomlaumu kwa uigizaji mzito wanamwonea.

Ila onyesho la kifungua kinywa halina mpinzani. Usiku uliopita Alice amemuua kwa kisu mchoraji aliyetaka kumbaka. Jirani anapayuka kuhusu mauaji hayo, na kamera inabaki kwenye uso wa Alice. Maneno yanageuka mvumo, linabaki moja tu linalosikika wazi: kisu, kisu, kisu. Baba anamwambia akate mkate. Neno linasikika kwa nguvu, kisu kinamruka mkononi. Kwa kuwa jirani haonekani, hakuna midomo ya kulinganisha na sauti. Ndiyo maana Hitchcock aliweza kuichezea atakavyo.

Mbio za kukimbizana ndani ya British Museum, jumba la makumbusho la London, zinarudi kwenye ufundi wa filamu bubu. Mwanga wa mle ndani haukutosha, hivyo zilitumika picha za kumbi zilizoangazwa kwa nyuma na kuakisiwa kwenye kioo kilichoinamishwa nyuzi 45. Pale mwigizaji alipotakiwa kuonekana, kioo kilikwanguliwa rangi yake ya fedha ili aonekane kupitia hapo. Kwa mbio hizi, nakushauri utazame toleo bubu, lililotolewa kwa sababu majumba mengi ya sinema yalikuwa bado hayajafunga mitambo ya sauti.