Malaika wa Blythburgh na kibla tuliyoipiga nyundo

Mimi ni mtoto wa Kilwa, Mwislamu, na kazi yangu hapa Suffolk, mashariki ya Uingereza, ni kuwahudumia wazee majumbani kwao. Naanza na hilo ili asije mtu akaniuliza nilifuata nini kanisani. Nilimpeleka bibi mmoja ninayemwangalia kuzuru kaburi la mumewe, mvua ikatukuta hukohuko makaburini. Akaniambia, "Sukuma tu mlango, mchana haufungwi." Nikasukuma.

Ndani hapakuwa na mtu. Hakuna mlinzi, hakuna wa kutuuliza tumetoka wapi. Pembeni palikuwa na sanduku la sadaka. Bibi akakaa kwenye benchi apumzike, mimi nikainua macho, nikasahau kuyashusha.

Kanisa hilo ni la Utatu Mtakatifu, Blythburgh. Wenyeji hulitania kwa kuliita kanisa kuu la kwenye vinamasi, kwa sababu limesimama juu ya maji na matete kama jahazi lililokwama, na kijiji kilicholizunguka ni cha watu mia chache tu. Juu ya kuta kuna safu ya madirisha 18 kila upande, na vioo vyake havina rangi, basi mwanga unamwagika ndani hata siku ya mawingu. Dari ni ya mbao za mwaloni, rangi zake nyekundu na kijani zimefifia kama kanga iliyofuliwa miaka. Katikati ya maboriti wamekaa malaika wa kuchongwa, wawili wawili, mgongo kwa mgongo, mabawa wameyakunjua. Wamekaa hapo tangu karne ya 15.

Kilichonishika zaidi, hata hivyo, ni ukuta wa nje. Suffolk haina jiwe zuri la kujengea. Wanacho gumegume, lile jiwe jeusi gumu linalotoa cheche, tena vipande vidogovidogo visivyo na umbo. Wakavikusanya, wakavishika kwa chokaa, wakainua kuta na mnara. Pale penye fahari walivipasua vikatoa uso laini, wakavipanga kati ya mawe meupe yaliyotoka mbali hadi vikafanya mapambo. Nikacheka peke yangu. Hiyo si kazi ya kwetu? Sisi nasi hatukuwa na jiwe ila tumbawe, tukalichoma likatoa chokaa, tukalishika kwa chokaa ileile, juu tukalaza boriti za mikoko. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianza karne ya 11 na ukapanuliwa kwa makuba mwanzoni mwa karne ya 14. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita Kilwa mwaka 1331. Wakati huo sehemu kubwa ya kanisa hili tunaloliona leo ilikuwa bado haijajengwa.

Na utajiri wao ulikuwa wa bandari, kama wetu. Sisi tulikuwa na dhahabu ya Sofala, kule pwani ya Msumbiji, wao walikuwa na samaki na sufu. Mto Blyth ukajaa tope, vyombo vikazidi ukubwa, biashara ikahamia kwingine. Jengo likabaki kubwa kuliko watu wake. Mtu wa Kilwa hahitaji kuelezwa habari hiyo mara mbili.

Tena limepigwa na mengi. Agosti 4, 1577, siku ya Jumapili, watu wakiwa ibadani, radi ilishuka, mnara ukadondosha ncha yake ndani ya paa, na watu wakafa. Wenyeji wanasema lilikuwa jibwa jeusi la kishetani, na wanakuonyesha alama zilizoungua mlangoni wanazosema ni za kucha zake. (Bibi yangu anaapa ni kucha. Mimi nimekulia kwenye hadithi za popobawa, sina ubavu wa kumcheka.) Aprili 1644 akaja William Dowsing, aliyetumwa kuvunja picha na sanamu makanisani, akaamuru malaika washushwe. Hawakushushwa wote, pengine dari ilikuwa juu mno, pengine watu walijifanya hawakusikia. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba risasi zilizokutwa kwenye mabawa ni za watu wake. Kumbe ni za karne ya 18, na daftari la matumizi la kanisa lenyewe linaonyesha fedha zilizolipwa kwa baruti ya kufukuzia kunguru.

Kufikia karne ya 19 lilikuwa gofu linalosaliwa. Inasimuliwa kuwa mvua ikinyesha, waumini hufungua miavuli ndani. Mwaka 1881 askofu akalifunga kwa kuhofia litawaangukia watu. Hapo ndipo penye hoja yangu. Watu wa kijiji na kasisi wao walitaka litengenezwe upesi. Chama cha kulinda majengo ya kale, kilichoanzishwa na msanii na mwandishi William Morris mwaka 1877, kikaja juu: ziba pale panapovuja, lakini usikwangue, usibadilishe, usifanye kipya kionekane cha kale. Wakavutana kwa miaka. Mtu atasema ni ukaidi wa matajiri wasiolowa. Labda. Mimi naamini bila mvutano ule leo tungeinua macho tukaona mbao mpya zilizonyooka na malaika waliopakwa rangi ya duka.

Sasa nije kwetu. Mwaka juzi msikiti wa mtaani kwetu, mdogo, wa matumbawe, ambao babu wa babu yangu alisali ndani yake, ulivunjwa. Mfadhili alipatikana, kamati ikakubali, na ndani ya mwezi mmoja umesimama mwingine wa tofali za saruji, vigae vinavyong'aa, madirisha ya alumini. Hakuna aliyegombana na mtu. Picha zikaja kwenye kundi la familia, watu wakajibu "Mashallah". Kibla ya zamani, iliyochongwa maua kwenye tumbawe, ilipigwa nyundo ikawa kifusi cha kujazia sakafu.

Nikampigia mjomba, nikasema maneno makali. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza, "Hilo kanisa lako, Jumapili wanasali wangapi?"

Nikamwambia ukweli: wachache, na wengi wao ni wazee.

"Sisi alfajiri tunajaza safu tatu. Zamani tulikuwa tunalowa. Wewe unataka tulowe ili upate cha kupiga picha ukija likizo?"

Sikuwa na jibu, na sehemu ya swali lake bado sina. Huku kuna makanisa kama 16,000 ya Kianglikana, mengine hayana wa kuyajaza, na fedha za paa zinatafutwa kwa matamasha ya muziki na keki zinazouzwa mlangoni. Blythburgh yenyewe hupokea matamasha ya muziki ya Aldeburgh, mji wa pwani ya hukuhuku Suffolk. Tusidanganyane kwamba wenzetu wametushinda kwa imani.

Lakini mjomba alichanganya mambo mawili. Kuziba paa si lazima uvunje ukuta. Ukuta wa tumbawe na chokaa unapumua. Unanyonya unyevu na kuutoa. Ukiupaka saruji, maji na chumvi hufungiwa ndani na plasta huvimba na kubanduka, kisha fundi anakuja kusema jengo limechoka. Waingereza nao walilikosea hilo, wakaziba kuta za gumegume kwa saruji, na sasa mafundi wanaibandua polepole na kurudisha chokaa. Kwetu wachoma chokaa bado wapo. Tungewaita wao kwanza, mfadhili angebakiwa na chenji.

Nilimwambia hayo pia, kwa sauti ya chini safari hii. Akakaa kimya, kisha akasema si kibla yote iliyoingia sakafuni. Kipande kimoja chenye ua alikiomba kwa mafundi kabla hawajamwaga zege. Nikamuuliza kiko wapi.

"Uani kwangu. Nimekiwekea mtungi wa maji juu, hautikisiki."