Gari la Safari

Bibi harusi alitia mguu mmoja ndani ya gari langu, akautoa. Aliutoa kama aliyekanyaga kaa la moto, akarudi ndani mbio, hina na dhahabu na wapambe wote nyuma yake. Mimi nikabaki nimeshika mlango mbele ya mtaa mzima, nimevaa kanzu ya kuazima.

Ili mnielewe, nianze na Pijo.

Ni Pijo 404 steshenwagoni, niliyoikuta nyuma ya ghala moja hapa Malindi, mtaa wa Maweni, kuku wakiitagia mayai. Nilimlipa mwenyewe laki moja na elfu ishirini. Zilikuwa pesa za mabati, na mke wangu hadi leo mvua ikinyesha hunitazama bila kusema kitu. Gari lenyewe lilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1960, lakini umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia, na kwa mji wetu hilo peke yake ni biashara, maana hapa hata muuza madafu anaweza kukutukana Kitaliano. Gia iko kwenye usukani. Injini imelazwa ubavu, nyuzi 45, kama mtu aliyemaliza sinia ya biriani peke yake. Betri ikigoma unatia hendeli mbele, unazungusha: gari linawaka, bega linateguka.

Nia yangu ilikuwa maharusi. Watu wamechoka na Noah zilizofungwa utepe.

Siku ya kuuziana, yule mwenye kuku aliniambia neno moja tu: "Hili ndilo gari la safari, bwana. Waulize wazee, wote wanalijua." Akahesabu pesa zake mara mbili, akaenda.

Moyo ulinidunda. Nani aliyekulia Kenya asijue kwamba Pijo 404 ilichukua mashindano ya magari ya Safari Rally mwaka 1963, halafu ikarudi ikachukua 1966, 1967 na 1968 mfululizo? Na mimi ndiye niliyelikuta likilaliwa na kuku!

Nina rafiki anayetembeza watalii wa Kitaliano. Akaniambia kwao gari kuukuu lisilo na nasaba ni chuma cha kupima kwa kilo. Wanunuzi wa kule wanataka jina la kila mmiliki tangu wa kwanza, risiti, na namba ya injini na ya chesisi zilingane na makaratasi. Ukiwa na hayo, bei haikamatiki. Nikanunua daftari.

Logbuku nilipewa, lakini mchwa walikuwa wametangulia kuisoma. Katika ukurasa wa wamiliki jina lililobaki zima ni la mwenye kuku. La mwingine lilisomeka "...di bin Sa...", na kwa Malindi ukiita hivyo msikitini safu mbili zinageuka. Nilikwenda ofisi ya usajili wa magari. Namba ya gari ni ya zile za zamani, herufi tatu na tarakimu tatu, kabla ya mwaka 1989 kuongezwa herufi ya nyuma. Kijana wa kaunta akaniuliza iliyobaki imedondokea wapi.

Fundi wangu, mzee aliyefungua Pijo kabla mimi sijazaliwa, alijaribu kuniokoa. "Mwanangu, zile za mashindano zilikuwa saluni. Hii ina mgongo wa kupakia mizigo. Umemwona wapi mkimbiaji akashindana na kitanda mgongoni?" Nikamwona ana wivu. Nikatoka hapo moja kwa moja hadi kwa mchoraji wa mabango, akaniandikia mlango wa nyuma, kwa rangi nyekundu: GARI LA SAFARI. Chini yake bendera ya miraba myeusi na myeupe.

Jumamosi nikashika njia ya kaskazini kutafuta nasaba. Tangu nivuke daraja la Sabaki niliona heshima ambayo sijawahi kuiona maishani. Pale Mambrui wazee waliokuwa barazani waliinuka wote, wakanyamaza, wakasimama hivyo hadi nikapita. Nikawapungia mkono kama Rais. Mmoja alikuwa akichezesha midomo polepole. Nikadhani anahesabu miaka.

Mwalimu mmoja mstaafu alikiri alikuwa nalo miaka miwili, akaliuza kwa hasara.

"Mbona, mwalimu? Gari la sifa kama hili?"

"Sikuwa nikipata usingizi. Lina watu wengi."

Nikaandika katika daftari: abiria wengi.

Akanielekeza Ngomeni, na hapo nusura nipasue usukani kwa furaha. Ngomeni ndiko Waitaliano walikokuwa wakirusha satelaiti kutoka majukwaa ya baharini, tangu 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa moja ikapewa jina la Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu. Nikapita Gongoni kwenye mashamba ya chumvi nikijipangia bei mpya: gari la mashindano na la anga za juu! Mzee niliyeelekezwa kwake nilimkuta akishona nyavu. Ndiyo, alikuwa nalo. Ndiyo, alilipitisha mara nyingi mbele ya lango la Waitaliano. Limebeba nini? Papa. Papa mkavu, magunia kwa magunia, miaka sita.

Hapo ndipo nilipoelewa ile harufu. Mimi nilikuwa nikidhani magari yakizeeka hunuka hivyo. Nilikuwa nimelifukiza udi siku tatu, na matokeo yake ni kwamba jua likiwaka linanuka kama papa anayekwenda harusini.

Kabla ya papa, alinihesabia mzee, lilikuwa teksi ya Mombasa, enzi za kivuko cha Kilifi, kabla ya daraja la 1991. Hapo sitakaa, maana hadithi zote za kivuko ni moja: foleni, korosho, foleni. Lakini kati ya teksi na papa kulikuwa na pengo la miaka kama kumi, na kila niliyemuuliza alinijibu vilevile.

"Hapo waulize wenyewe."

"Wenyewe kina nani?"

"Hawasemi."

Nikaandika: wamiliki wasiri.

Basi harusi. Ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza, malipo ya mbele elfu nne. Pijo nimeiosha, utepe mweupe, maua ya asumini kwenye kioo. Vigelegele vinapanda, bibi harusi anatolewa, mguu mmoja ndani. Mara nyanya yake akatokea kwa nyuma na bakora yake, akasimama mbele ya maandishi ya mchoraji. Akayasoma kwa kidole, herufi kwa herufi. Akapapasa kitasa.

"Kumbe lingali hai," akasema. "Hiki kitasa kilikuwa kibovu, kikifungwa kwa kamba. Babu yenu alitolewa hospitali na gari hili. Na shoga yangu. Na wale ndugu watatu wa Kakoneni. Lilikuwa la kubeba maiti hili! Ndiyo tukaliita Safari, maana likiondoka na mtu, harudi."

Vigelegele vilikatika kama umeme.

"Nyanya," nikajitetea, "hili lilishindana mwaka 1968."

"Na nani? Na Izraili?"

Ndipo mguu ulipotolewa. Nami pale pale niliwaona wazee wa Mambrui wakiinuka barazani kama watu wanavyoinukia jeneza, na ile midomo ikisoma Fatiha, na mimi napunga mkono. Mwenye kuku hakunidanganya hata kidogo. Maneno ya mdomoni hayana herufi kubwa. Ile niliiongeza mwenyewe.

Bibi harusi alikwenda kwa tuktuk. Elfu nne nilizirudisha, na mama yake akanidai mia tano za ubani. Nyumbani mke wangu alisikiliza kisa chote, akasema, "Ukimchunguza sana bata hutamla," kisha akatoka nje kutazama mawingu.

Kesho yake saa nane mchana simu ikalia. Sauti ya mtu mzima, ya upole.

"Samahani, mwanangu. Ni wewe mwenye gari la safari? Tumesikia limefufuka."

Walikuwa na msiba, wa kupeleka Marafa. Walitaja pesa zaidi ya za harusi. Niliuliza kama nitoe utepe, wakasema niuache, marehemu alikuwa mtu wa kupenda mambo.

Njiani wazee watatu walikaa nyuma kando ya jeneza, na ili kupunguza majonzi wakaanza kukumbuka gari. Wa kwanza kulinunua alikuwa nani, alilipa nini, akamwachia shemeji yupi, teksi ilipataje kuwa ya maiti, nani alikata kamba ya kitasa. Jina baada ya jina, hadi yule "...di bin Sa..." akapata jina kamili na la babu yake. Nasaba yote, na mimi nimeshika usukani kwa mikono miwili, barabara mashimo matupu, gia ya tatu inaruka, na daftari liko chini ya jeneza.

Niliwaomba warudie tukifika. Tulipofika, walikuwa na kazi ya kuzika.