Viazi Vilipopiga Mayowe Mtaani Langoni

Wacha niwaambie kilichonipata wiki ya harusi ya binamu yangu, maana nikikaa nacho peke yangu kitanipasua kifua, na nikikitoa pale barazani Mkunguni, hapa kwetu Lamu, nitabandikwa jina mpaka nizikwe nalo.

Mimi ni mtu mzima, nna ndevu, lakini ugonjwa wangu ni katuni za wakubwa. Si zile za watoto, la, nasema zile chafu zisizo na haya, kiumbe kina macho makubwa kama kitoto kichanga halafu kikifungua mdomo, nahodha wa jahazi mwenyewe ataomba ateremshwe. Ndo raha yake hiyo. Binadamu akitukana ni matusi tu, utayasikia gatini bure bila bando, lakini soseji ikitukana mimi nalia kwa kucheka. Na si mambo ya juzi, Marekani mwaka 1972 kulitoka muvi ya paka wa katuni, Fritz, ikawa katuni ya kwanza kule kupigwa ile alama ya X ya kuwafungia watoto mlango. Paka! Sisi Lamu tumejaa paka mpaka kwenye paa na wote wana adabu, ukitoa lile la kuiba samaki.

Basi kipenzi changu mimi ni Sausage Party ya 2016. Vyakula viko kwenye rafu za supamaketi vinaamini mteja akikuchagua amekupeleka peponi, kumbe anakupeleka jikoni. Nishaiona mara nne, siku hiyo nilikuwa naenda ya tano.

Sasa sikizeni vile nyumba zetu zilivyo. Chumba changu kiko kwenye wikio, yani kile chumba kinachopita juu ya kichochoro kikashika nyumba ya pili, na nyumba ya pili ni ya shangazi. Huko kiwandani kwake, yani uani, kina mama walikuwa wamejaa, kesho yake ni biriani ya harusi, wengine wako juu ya mbuzi wanakuna nazi, wengine wanamenya viazi gunia zima, na kaspika ka blututhi kamewekwa kwenye kidaka cha ukutani kanapiga taarabu. Taarabu yenyewe ilikuwa inatoka kwenye simu ya kijana wa shangazi. Na juzi yake mimi ndo nilokajaribu hako kaspika na simu yangu nikaona kama kazima. Kumbe kalinikariri.

Kijana akatumwa hiliki dukani, akatoka na simu mfukoni. Taarabu ikakatika. Na mimi wakati huohuo ndo najilaza, iafoni masikioni, naifungua ile sehemu ya kiazi.

Picha naiona, sauti hakuna. Nikaongeza. Hakuna. Nikaongeza mpaka mwisho. Kiazi kwenye skrini kinafurahi kimechaguliwa cha kwanza, mara kisu hicho, kinamenywa ngozi kinapiga mayowe, mimi sisikii kitu nikadhani iafoni hazina chaji. Shangazi ndo alonihadithia baadaye upande wa pili ulivyokuwa. Anasema wanawake kumi wana visu mkononi na viazi mkononi, pamenyamaza kimya, mara kikatoka kilio cha mtu anayechunwa. Wote wakaviangalia viazi vyao. Mmoja akakiachia chake kikabiringika mpaka chini ya jagi la maji na mpaka kesho yake hakuna alokigusa.

Yakafuata matusi. Kwa Kizungu, na wengi pale Kizungu chao ni cha salamu, ila alikuwepo mwalimu mmoja mstaafu alonifunza mimi darasa la saba. Wakamuuliza, "Mwalimu, wasemani hao?" Mwalimu akazidi kuinamia kiazi chake, akasema, "Ni mambo ya jikoni."

Hapo ningeizima ningepona. Lakini mimi nikajiambia labda faili lenyewe bovu, ngoja niruke mbele nijaribu pengine, nikaburuta kidole mpaka karibu na mwisho. Aloiona anajua mwisho kuna nini. Asoiona nimwambie tu kwamba vyakula vya duka zima vinasherehekea pamoja na havisherehekei kwa kupeana mikono. Miguno ile haikuhitaji mwalimu.

Nilichosikia mimi ni sauti ya bibi yangu ikipanda kichochoro. "Ewe mwana! Ndoo hapa! Una nani humo chumbani?"

Nikatazama simu, nikaona jina la kaspika limeandikwa pale juu. Jamani. Damu ilinihama ikenda Shela.

Nikateremka. Kina mama wote wamejivuta leso kichwani, hakuna anonitazama, mwalimu anamenya kiazi ambacho kishakwisha zamani. Nikasema, "Bibi, sina mtu, wallahi ni mkate." Ikawa mbaya zaidi. Nikaona dawa ni ushahidi, nikamgeuzia simu aone mwenyewe, na nilikuwa sijabonyeza kusimamisha. Bibi akavaa miwani. Akatazama kitambo kirefu kuliko nilivyotarajia. Shangazi akaja nyuma yake, akakodoa, akauliza polepole, "Huyo si kama chapati?"

"Ni lavashi, shangazi, mkate bapa."

"Na huyo alo naye?"

"Ni mkate pia. Wa duara."

Nikajitetea kwa lolote nililokuwa nalo, nikasema bibi hii ni kazi ya watu wazima na akili zao, imetengenezwa kwa dola milioni 19 na imeingiza kama milioni 140 dunia nzima.

Bibi akavua miwani. "Milioni 140, kwa mkate? Mimi nauza mahamri toka babako hajazaliwa!" Akaondoka akinung'unika, na nahisi kilichomuuma zaidi kilikuwa hesabu.

Biriani ilipikwa, viazi vikaliwa, mimi nilikula wali mtupu. Juzi usiku mlango ukabishwa, mtoto wa jirani kasimama na kaspika mikononi.

"Shangazi asema kamejaa chaji, na mwalimu yuko kwake, waulizwa kama leo huangalii kitu."