Maurice Chevalier na bei ya kumpendeza kila mtu

Kuna Maurice Chevalier wawili wanaobishaniwa hadi leo. Mmoja ni mtoto wa Ménilmontant, mtaa wa makabwela wa Paris, aliyeanza kuimba jukwaani akiwa na miaka kumi na mbili hivi, akaishia kuwa Mfaransa aliyejulikana kuliko wote katika Hollywood. Mwingine ni mwimbaji aliyeburudisha watu Paris wakati jiji liko chini ya jeshi la Ujerumani, na aliyewauzia Wamarekani Mfaransa wa bandia, tabasamu na lafudhi vikiwa vimeongezwa chumvi. Kila upande una ushahidi wake. Kwa maoni yangu, sifa na lawama zake zina chimbuko moja: alikuwa hodari wa kumpendeza yeyote aliyekaa mbele yake, na hakuwa hodari wa kumkatalia.

Tuanze na jukwaa, kwa sababu huko ndiko alikoiva. Alizaliwa 1888. Baba yake, mpaka rangi wa nyumba, alikuwa mlevi na akaitelekeza familia. Kijana alitaka kuwa mwanasarakasi, akaumia, akageukia kuimba. Mikahawa ya muziki ya Paris wakati ule haikuwa na huruma. Hakukuwa na kipaza sauti, wateja walikunywa na kupiga soga, na asiyewakamata mapema alizomewa. Chevalier hakuwa na sauti kubwa, na hilo hata mashabiki wake hawalikatai. Alichonacho kilikuwa macho, mdomo wa chini uliosukumwa mbele kidogo, na namna ya kutamka shairi kana kwamba anamweleza jirani habari za mtaani. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia alikuwa tayari anacheza na Mistinguett, malkia wa kumbi za Paris, pale ukumbi wa Folies Bergère.

Vita ilimkuta jeshini. Alijeruhiwa 1914, akatekwa, akafungwa kambi ya Altengrabow huko Ujerumani hadi 1916. Humo alijifunza Kiingereza kwa mateka wa Kiingereza, na kufikia 1919 alikuwa anaigiza London. Miaka iliyofuata alipata sura iliyomtambulisha maisha yake yote: suti nyeusi ya jioni, tai ya kipepeo, na kofia ya majani makavu. Vazi hilo lilifikiriwa vizuri. Suti ni ya bwana mkubwa, kofia ni ya kijana wa kawaida anayekwenda kustarehe kando ya mto Jumapili. Kwa kuvichanganya, aliwasemesha kwa pamoja wenye viti vya mbele na waliobanana kule juu. Sijui mburudishaji mwingine wa enzi yake aliyesema mengi kiasi hicho kwa mavazi peke yake.

Paramount, studio ya Hollywood, ilimchukua 1928, filamu za sauti zikiwa ndiyo kwanza zinaanza na studio zikihangaika kupata watu wanaojua kuimba na kuzungumza. Aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora kwa *The Love Parade* na *The Big Pond*. Lakini anayetaka kumpima kwa haki aangalie *Love Me Tonight* ya 1932, iliyoongozwa na Rouben Mamoulian. Chevalier ni fundi wa nguo. Anaanza kuimba akiwa dukani kwake, mteja anatoka na wimbo mdomoni, dereva wa teksi anaudaka, mtunzi wa muziki anauandika akiwa safarini kwenye treni, wanajeshi wanauimba wakitembea, mpiga fidla anaupeleka kambini usiku, hadi unamfikia binti mfalme kwenye roshani, mwanamke ambaye fundi huyo hajawahi kumwona. Wimbo mmoja unavuka matabaka yote ya Ufaransa kwa dakika chache, na unaanzia kwa mtu wa kazi za mikono. Utani wa Chevalier pale hauwezi kutenganishwa na asili yake.

Wanaomlaumu watasema hiyo ni filamu moja. Zilizobaki, wanasema, zilimvisha sare za kijeshi au suti, zikampa mwanamke wa kumtongoza, zikamwacha akonyeze kamera. Wanauliza pia: mtu aliyeizoea lugha ya Kiingereza tangu 1916, mbona lafudhi yake haikupungua hata chembe? Hoja hiyo ina uzito. Lafudhi ilikuwa bidhaa, na studio ilijua bei yake kama yeye alivyoijua. Dunia nzima ilifundishwa kwamba Mfaransa ni mtu asiye na kazi nyingine ila mapenzi. Lakini sikubali kwamba Hollywood ilimlazimisha. Alijua wanachokipenda, akawapa, kama alivyokuwa akiwapa wateja wa mikahawa.

Kwamba angeweza zaidi, ushahidi upo. Mwaka 1947, katika *Le silence est d'or*, mwongozaji Mfaransa René Clair alimpa nafasi ya mwongozaji wa sinema bubu anayezeeka na kuona msichana anayempenda akichukuliwa na kijana, naye akaicheza kwa uchungu ambao Hollywood haikuwahi kumwomba. Miaka kumi baadaye mwongozaji wa Hollywood Billy Wilder alimfanya mpelelezi wa kukodiwa, baba wa Audrey Hepburn, na tena alitulia. Halafu ikaja *Gigi*, 1958, iliyozoa Oscar tisa, naye akapewa Oscar ya heshima. Humo, mzee wa karibu miaka sabini anaimba kuwashukuru mbingu kwa ajili ya wasichana wadogo, kwa kuwa watakua. Wapo wanaosema ni wimbo wa mzee anayestaajabu jinsi watoto wanavyokua haraka. Ukiutazama ndani ya hadithi, ambamo binti analelewa ili awe kimada wa matajiri, utetezi huo haunitoshi. Anauimba vizuri mno, na hapo ndipo unapokera.

Suala la Vita ya Pili ya Dunia ndilo zito. Baada ya Ufaransa kushindwa 1940, Chevalier alikuwa kusini, karibu na Cannes, akiishi na mwigizaji Nita Raya, Myahudi. Mwaka 1941 alirudi Paris kuimba katika ukumbi wa Casino de Paris, na sauti yake ikasikika Radio Paris, kituo kilichokuwa mikononi mwa Wajerumani. Mwaka huohuo alikwenda kuwaimbia mateka wa Kifaransa kambini Altengrabow, kule kule alikofungwa yeye. Hakudai malipo, alichoomba ni kuachiwa kwa mateka kumi. Waliachiwa. Magazeti ya Wajerumani nayo yakaitangaza safari hiyo yalivyotaka.

Wanaharakati wa ukombozi walimweka kwenye orodha ya wasaliti, na mchekeshaji Pierre Dac akamshutumu redioni kutoka London. Ufaransa ilipokombolewa 1944 alikamatwa na wapiganaji wa msituni, akaponea chupuchupu, kisha akasafishwa baada ya kuhojiwa. Mshairi mkomunisti Louis Aragon alikuwa miongoni mwa waliomtetea. Upande wa utetezi una mambo mazito: alimlinda Nita Raya na wazazi wake, jambo ambalo lingeweza kumgharimu maisha, na alikataa kuimba Berlin. Upande wa mashtaka nao unamtaja mwimbaji na mcheza dansi Josephine Baker. Yeye alikataa kuimba Paris ya Wajerumani, akabeba siri za kijasusi, na mwaka 2021 akaingizwa Panthéon, jengo la Paris la kuwaenzi mashujaa wa taifa. Wote wawili walikuwa nyota wa kumbi zilezile, na kila mmoja alichagua.

Simwiti Chevalier msaliti. Msaliti hawafichi Wayahudi. Lakini sikubali pia utetezi kwamba msanii anaimba tu. Mtu aliyeifahamu nguvu ya kofia yake kuliko yeyote hawezi kudai hakujua kwamba kofia hiyo kuonekana jukwaani Paris kungewaambia watu maisha yanaendelea kama kawaida. Kwa mateka kumi ningemsamehe Altengrabow. Radio Paris haikumkomboa mtu.

Mwaka 1951 Marekani ilimnyima viza kwa kuwa alitia saini Wito wa Stockholm wa kupinga silaha za nyuklia. Safari hii alishukiwa kuwa na Wakomunisti. Baadaye mlango ulifunguliwa, akaendelea kuzunguka dunia na onyesho lake la mtu mmoja, mpiga piano na kofia, hadi alipoagana na jukwaa Oktoba 1968 katika Théâtre des Champs-Élysées, akiwa ametimiza miaka 80. Asiyemjua namshauri aanze na filamu ya 1932 na ile ya René Clair, ndipo aje kwenye *Gigi*. Akianzia mwisho, atakutana na lile tabasamu na kudhani hakukuwa na kingine.