Kwetu ubunifu wa nguo tunauchukua bure

Ukimpelekea fundi kitenge Dar es Salaam, bei mnayokubaliana ni ya ushonaji. Kitambaa umeshanunua mwenyewe Mtaa wa Uhuru, kilichobaki ni pesa ya mkono wake na uzi. Hakuna anayetaja ule muda fundi aliosimama akikutazama mabega, akakigeuza kitambaa ili maua yakutane katikati ya mgongo, kisha akasema, "Dada, hapa tusiweke zipu, tuweke vifungo, itakukaa vizuri zaidi." Muda ule ndio uliozaa gauni. Kwetu hauna bei, na kwa kuwa hauna bei hauhesabiwi kuwa kazi.

Naishi London miaka mingi sasa. Wa nyumbani wakiniuliza ni kitu gani cha huku, upande wa mavazi, ningependa kukiona kwetu, sitaji maduka makubwa wala baridi inayowafanya watu wavae makoti marefu. Nataja hilo tu: huku lipo kundi la watu wanaolipia akili ya mbunifu na kuona ni haki yake.

Si kwamba watu wa London wanavaa vizuri kutuzidi. Wengi hawavai vizuri. Panda treni asubuhi uone: koti jeusi, koti jeusi, koti la kijivu, yote yametoka katika maduka yaleyale ya Oxford Street ambayo yana matawi kila mji wa Uingereza. Nguo hizo zimekatwa kwa namba, kumi, kumi na mbili, kumi na nne, na mwili wako ndio unaotakiwa kujipanga kulingana na namba. Mimi nina nyonga za ukoo wetu na kiuno chembamba. Sketi ya dukani ikinipita nyonga, kiunoni inaingia ngumi. Kushonewa kwa vipimo vyako mwenyewe huku ni jambo la wenye pesa: suti ya Savile Row, mtaa maarufu wa mafundi wa suti, inagharimu maelfu ya pauni. Kwetu mwalimu wa shule ya msingi ana magauni kabatini yaliyopimwa kifua, kiuno, nyonga na urefu wake yeye, na wala haoni kama ana kitu cha ajabu. Huo ni utajiri, na nilipokuwa nyumbani sikuwahi kumsikia mtu akiuita hivyo.

Wabunifu wanaojitegemea niliwakuta mashariki ya jiji. Jumapili Brick Lane, Dalston, Hackney, vyumba vya juu vya majengo yaliyokuwa viwanda zamani. Iko pia karakana iitwayo Cockpit, yenye majengo Holborn na Deptford, ambako mafundi wa kila aina hufungua milango nyakati fulani za mwaka ili watu waingie, waone kazi na kununua. Ninachokipenda kupita vyote ni kwamba anayekuuzia ndiye aliyekata. Ukimuuliza kwa nini mshono wa bega ameusogeza mbele, hasemi "ndiyo fasheni", anakuonyesha: ukiwa nyuma bega huonekana limeanguka, ukisogea mbele kidogo nguo inashika na mikono inakuwa huru. Anakueleza kwa nini bitana ni ya pamba badala ya polyester, kwa nini ameacha sentimita tatu za ziada kwenye pindo. Bei ya koti lake ingeweza kukununulia makoti matatu ya Oxford Street. Wapo wanaoondoka wakinung'unika. Lakini wapo pia wanaokaa miezi wakiweka akiba na kurudi kulichukua.

Hapa elimu ya nyumbani ilinisaidia sana. Mama yangu hakununua nguo bila kuigeuza ndani nje. Anatazama kingo zimefungwaje, anavuta uzi, anapima kwa vidole kama mshono una nafasi ya kuachia mtu akinenepa. Rafiki zangu wa huku, watu wasomi wanaopenda mavazi, hawana tabia hiyo. Wanatazama nguo inavyoning'inia na kusoma lebo. Mimi nikiingia katika chumba cha mbunifu nageuza nguo kwanza, na mara nyingi hapo ndipo mazungumzo yanapoanza, maana mwenye kazi anajua amekutana na mtu aliyelelewa na cherehani.

Na wale ambao dunia inawaita wakubwa, wengi walianza hukohuko kwenye cherehani. Alexander McQueen, mtoto wa dereva wa teksi wa mashariki ya London, aliacha shule akiwa na miaka 16 akaenda kujifunza kushona makoti kwa Anderson & Sheppard pale Savile Row. Chuo cha sanaa na mitindo cha Central Saint Martins alikuja kusoma baadaye, akamaliza mwaka 1992. Ozwald Boateng, ambaye wazazi wake ni Waghana, alianzia kwenye cherehani ya mama yake. Tofauti yao na kijana wa Sinza au wa Mwanjelwa haiko mkononi. Iko katika kilichofuata. London kuna mpango wa Baraza la Mitindo la Uingereza uitwao NEWGEN, ulioanza mwaka 1993, unaowashika mkono wabunifu wachanga. Kuna Fashion East, iliyoanzishwa na Lulu Kennedy mwaka 2000 palepale Brick Lane, inayowapa vijana nafasi ya kuonyesha kazi zao kwenye wiki ya mitindo kabla hawajawa na uwezo wa kukodi hata ukumbi. Grace Wales Bonner, mwenye asili ya Jamaika kwa baba, alipitia njia hiyo, na mwaka 2016 akashinda tuzo ya LVMH, kampuni kubwa ya Ufaransa ya mavazi ya kifahari, akiwa na miaka miwili tu tangu aanzishe chapa yake.

Si peponi, lakini. Kodi za vyumba zinawafukuza, na sifa za magazetini hazilipi mishahara. Mwaka 2023 kampuni ya mbunifu Christopher Kane, aliyekuwa akisifiwa tangu alipomaliza masomo, ililazimika kutafuta wasimamizi wa ufilisi. Kama hata huku kwenye walipaji maisha ya mbunifu ni magumu hivyo, fikiria ya yule ambaye wateja wake wote wanaona kazi ya kichwa chake ni ya bure.

Upande wa kujijua mimi mwenyewe, London ilinipa nafasi ambayo nyumbani ilikuwa finyu. Kwetu vazi ni la watu wengi. Shangazi ana neno, dada ana neno, jirani ana neno, na sare ya shughuli inakuja imeshachaguliwa rangi. Kuna upendo mkubwa ndani yake, nao ninaukosa sana. Huku hakuna anayekuangalia. Unaweza kuvaa gunia ukafika kazini na mtu akakusalimu kama jana. Mwanzoni ukimya huo uliniumiza. Baadaye ulinifanya nijiulize, bila kusubiri jibu la mtu, napenda nini hasa. Nikagundua napenda nguo pana zenye mifuko ya kina, napenda buluu iliyoiva, sipendi kubanwa, na napenda pamba nyepesi kama ya khanga kuliko vitambaa vyote nilivyowahi kushika. Sasa nina shati la khanga nililobuniwa na kijana mmoja wa Hackney. Aliuweka mji, ile sehemu ya katikati ya khanga, mgongoni, pindo akalipeleka kwenye mikono, na jina la khanga, yale maneno yaliyoandikwa, akaliacha likae kifuani kwa ndani, ambako mimi tu nalisoma nikivaa. Nilimlipa kitambaa, nikamlipa ushonaji, nikamlipa na siku alizokaa akichora. Zilikuwa tarakimu tatu tofauti kwenye karatasi moja.

Vitambaa vyetu navyo vina safari ya kusikitisha. Karibu na kituo cha Liverpool Street, mtaa wa Wentworth, yapo maduka yanayouza vitenge, na vile vya bei ya juu vimeandikwa Vlisco, kampuni ya Helmond, Uholanzi, iliyoanza mwaka 1846 kwa kuiga batiki za Java. Sisi tunalima pamba Shinyanga, Simiyu na Mwanza, na sehemu kubwa inapanda meli ikiwa pamba nyuzi, yaani imetolewa mbegu tu, haijasokotwa wala kufumwa. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilifunguliwa mwaka 1968 ili tuvae chetu. Mbunifu wa Dar anapohangaika kupata kitambaa kizuri cha pamba, anahangaikia mali iliyotoka shambani kwa mjomba wake.

Mitumba je? Nimeona mwanzo wa safari yake. Watu wa London wanapeleka mifuko ya nguo kwenye maduka ya hisani, zinazofaa zinauzwa humo, nyingine wanauziwa wafanyabiashara kwa kilo, zinabanwa kuwa mabelo na kusafirishwa. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuachana na mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikakunja uso, wengi wakarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya ushuru wa nguo chini ya AGOA, sheria ya Marekani ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru. Sitawalaumu wanaonunua mitumba soko la Karume, Dar. Jicho la kijana wa Ilala la kuchambua belo na kutoka na koti moja zuri kati ya mia ni kipaji, na vijana wengi wa mjini mtindo wao wamejifunzia pale. Ninachosema ni kwamba shati la mtumba likiuzwa bei ya soda mbili, mbunifu chipukizi hawezi kushindana kwa bei. Lazima ashindane kwa wazo. Bobby Kolade wa Kampala ameliona hilo: chapa yake ya Buzigahill inachukua mitumba ya soko la Owino, inaikata na kuiunganisha upya, kisha inawauzia watu wa nchi zilezile zilizoitupa. Nguo ni ya kwao. Wanacholipia ni wazo lililotoka Kampala.

Kwetu wenye mawazo wapo. Mustafa Hassanali alianzisha Swahili Fashion Week mwaka 2008, Doreen Mashika ameifanyia khanga kazi ya kupendeza Zanzibar, na nyuma yao wapo wengi ambao majina yao hayajulikani nje ya mtaa. Lakini tazama kinachotokea baada ya onyesho. Tunapiga makofi, tunapiga picha, na Jumatatu picha iko kwenye simu mbele ya fundi: "Nishonee kama hii." Wiki ya pili iko kwenye duka la Instagram, "mikoani tunatuma". Mbunifu aliyekaa mwezi mzima akichana karatasi za vipimo hapati hata kutajwa jina. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu wanaofanya hivyo ni watu wema, ndugu zangu, ambao wasingechukua hata nyanya moja sokoni bila kulipa.

Najua jibu: maisha ni magumu, nani ana pesa ya kulipia mchoro? Kwa gauni la kushindia nyumbani nakubali kabisa. Lakini zipo shughuli zetu. Kitchen party, send-off, harusi, kila moja ina sare yake, kila sare ina watu wasiopungua ukumbi mzima, na michango inakusanywa miezi kabla. Kamati ina mhazina, ina mpishi, ina mpambaji wa ukumbi, ina MC, wote wanalipwa. Anayeamua watu mia mbili wavaeje ni shangazi mmoja mwenye picha kwenye simu. Gawanya malipo ya mbunifu kwa watu wote hao uone kila mmoja anaongeza kiasi gani; itakuwa chini ya nauli yake ya siku hiyo.

Binamu yangu anaolewa Desemba. Mchango wangu nimeutuma mapema na nimemwomba mhazina autenge kwa kazi hiyo: atafutwe mbunifu wa palepale Dar, achore sare, jina lake liandikwe kwenye kadi pamoja na la mpambaji. Shangazi amenipigia simu kuniuliza kama nimechanganyikiwa. Tumezungumza karibu saa nzima, na kabla ya kukata amesema yupo binti mmoja Kinondoni ambaye mikato yake anaipenda.