Kuvunja misimbo si kazi ya vijana peke yao
Eti kuvunja misimbo, yaani kufungua taarifa zilizofichwa kwa siri, siku hizi ni kazi ya vijana, waandaa programu waliovuka miaka arobaini wakae pembeni? Sikubali hata kidogo. Mwaka 2022 Castryck na Decru wa Ubelgiji waliuvunja SIKE, mfumo wa kuficha taarifa uliotarajiwa kuhimili kompyuta za kwanta (aina mpya inayotumia fizikia ya chembe ndogo sana), kwa takriban saa moja kwenye kompyuta ya kawaida, na walichoegemea ni nadharia ya hisabati ya Ernst Kani ya 1997! Hapa Mbeya nafanya kazi na vijana, wana kasi ya ajabu, lakini walipohangaika na nywila za mfumo wa zamani wa ghala la kahawa, mzee wetu alitazama zile alama 32 zilizohifadhiwa badala ya kila nywila akasema papo hapo ni MD5, njia ya zamani ya kugeuza nywila kuwa alama zisizosomeka. Ndugu zangu wa Iringa na Njombe, ofisini kwenu wazee hao bado wapo?